Naomba ushauri: maadui wangu wanakufa mapema mno kwenye Call of Cthulhu

Habari zenu wakuu. Nimeendesha mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons miaka kadhaa, sasa kundi letu limehamia Call of Cthulhu, mchezo mwingine wa aina hiyo lakini wa kutisha, toleo la 7, na nimekwama kwenye kutengeneza wahusika wa upande wangu, yaani maadui ninaowachezesha mimi kama msimamizi. Kule nilizoea kupandisha levo, basi. Huku hakuna levo, ni asilimia za ujuzi na pointi za uhai kumi na kitu.

Juzi nilileta mlinzi mkongwe, nikampa ujuzi wa kupigana asilimia 70. Wachezaji wanne wakamzunguka. Pigo la kwanza alilijibu vizuri, lakini waliofuata wote wakapata dadu ya ziada, inayoongeza nafasi ya kumpiga, kama kanuni zinavyotaka, akalala raundi ya pili. Hata vitisho vyake hakumaliza kuvitoa! Mwenzake nikampa 90. Huyo naye nusura aue mtu kwa pigo moja, ikabidi nidanganye matokeo ya dadu, jambo nisilolipenda kabisa.

Naomba kujua: mtu aliyebobea kwenye fani yake mnampa asilimia ngapi? Na mnamfanyaje awe tishio kwa watu wanne bila kumjazia namba tu?

Natanguliza shukrani.