Kamera ya kimya kwa picha mnato kwenye seti: Sony A9 iliyotumika au Canon R6?

kivuli_dsm:
Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo. Napiga picha mnato kwenye tamthilia inayorekodiwa Dar, na DSLR yangu (kamera yenye kioo kinachopinduka ndani kila unapopiga), hata ikiwa kwenye hali ya kimya, kioo chake kinagonga hadi mtu wa sauti anakisikia kwenye hedifoni. Kwa hiyo naruhusiwa kupiga wakati wa mazoezi tu. Bajeti ni milioni 4 za Tanzania kwa bodi (kamera bila lenzi) iliyotumika. Lenzi ninazo mbili za Canon EF: 50mm f/1.8 STM na 24-105mm f/4. Nimezichungulia Sony A7 III, Nikon Z6 II, Canon R6 na Sony A9 ya kwanza. Zote zinasifiwa kwa ukimya, sasa tofauti iko wapi? Taa zetu nyingi ni LED.

jicho_la_tatu:
Mkuu, mlio wa shata (sehemu inayoruhusu na kukata mwanga unapopiga) usikuumize kichwa. Zote nne, ukiziweka kwenye shata ya kielektroniki, ni kimya. Unacholipia ni kasi ya sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha.

Shata ya kielektroniki haina pazia linalosogea. Sensa inasomwa mstari kwa mstari, kutoka juu hadi chini. A7 III inamaliza kwa karibu 1/15 ya sekunde, Z6 II karibu 1/20, R6 karibu 1/50, A9 karibu 1/160. Kuweka shata 1/1000 ya sekunde hakukuokoi: kila mstari unapata 1/1000 yake, lakini wa chini unasomwa umeshachelewa.

Piga hesabu ya bajaji inayokatiza mbele yako kwa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde. Kwa A7 III, kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho imeshasogea sentimita 67, kwa hiyo inatoka imeinama. Kwa A9 ni sentimita 6. Waigizaji wakiwa mezani wanaongea, A7 III inatosha kabisa. Mtu akipigwa kofi, mkono unatoka umepinda.

Ndiyo maana A9, ingawa ni ya 2017, bado inafaa kazi hii. Nikon Z8 na Z9 ziko kasi zaidi na hazina kabisa shata ya mekaniki, ila kwa milioni 4 hufiki huko.

fundi_taa:
Kwenye LED ndipo wengi wanapolia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa ya bei nafuu inamemeta mara 100 kwa sekunde. Kamera inayosoma kwa 1/15 itakupa michirizi sita au saba ya giza kwenye picha moja. A9 haitakupa michirizi mingi, itakupa kivuli kimoja kipana, na hicho kinaudhi vilevile kikitua usoni.

Anza na shata ya 1/100. Kila mstari unapata mmemeto mmoja kamili, na michirizi inapotea kwenye kamera yoyote. Mwanga ukiwa mdogo shuka 1/50. Ukiweka 1/125 au 1/160 inarudi. Kwenye jenereta ndogo hezi huyumba, kwa hiyo 1/100 inaweza kuacha alama hafifu. Hapo 1/50 ni salama zaidi.

Shida ni LED iliyopunguzwa kwa dima. Nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, na idadi hiyo si lazima igawanyike kwa 100. Z8, Sony A1 na Canon R6 Mark II zinakuruhusu kurekebisha shata kwa hatua ndogo ndogo hadi michirizi ife. Kwa kamera ulizotaja, mwombe mtu wa taa aipandishe ile taa hadi mwisho kisha aiweke mbali au aikinge kwa kitambaa. Akikataa, shuka shata. Piga picha ya ukuta mweupe kabla waigizaji hawajaingia, uikuze hadi asilimia 100. Usiamini picha ikiwa ndogo kwenye kioo cha nyuma.

bi_lenzi:
Mimi nasema R6, na sababu ni zile lenzi za EF. Adapta ya EF kwenda RF (mdomo wa lenzi wa R6) inazifanya zifanye kazi kama kawaida, fokasi na kila kitu. Ukienda Sony, usipotumia adapta ya kampuni nyingine, unaanza upya, na bajeti inaishia kwenye bodi. Kasoro ya R6: kwenye shata ya kielektroniki RAW (faili ghafi ya picha) inashuka hadi biti 12, yaani inabeba taarifa kidogo zaidi, kwa hiyo ukija kuinua vivuli kwenye matukio ya usiku chembechembe zinaonekana mapema. Ipe picha mwanga wa kutosha tangu mwanzo.

Halafu msisahau, shata ikinyamaza ndipo unasikia mengine yote. 50mm STM yako ina mvumo mdogo wa mota ya fokasi. Tundu la lenzi linagonga likijifunga. Baadhi ya kamera zinatetema sensa kuisafisha kila zinapozimwa au kuwashwa, kwa hiyo usizizime katikati ya teki. Vipete vya chuma vya mkanda, vifunge kwa gafa (tepu ya kitambaa). Funguo na shilingi, toa mfukoni.

kivuli_dsm:
Shukrani sana. Naegemea R6 basi. Kwenye menyu niguse nini kabla ya kuingia seti?

jicho_la_tatu:
Kwa tamthilia ya mazungumzo sikupingi. Kama kungekuwa na mapigano ningeng'ang'ania A9. Shata iwe ya kielektroniki. Zima milio yote. Zima taa ya kusaidia fokasi, maana ile ikimulika uso wa mwigizaji umeharibu teki. Zima picha inayojitokeza baada ya kupiga, na kioo cha nyuma kigeuze kitazame ndani, utumie kitundu cha kuchungulia tu. Kwenye seti yenye giza mwanga wa kioo unaonekana kwenye miwani na madirishani. Kama mna kamera mbili, fanya haya kwa zote mbili.

Rangi usiiache kwenye otomatiki. Muulize mpiga picha mkuu ameweka Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) ngapi, 3200 au 5600 au katikati, uweke hiyohiyo, picha zako zifanane na filamu.

Kabla ya kulipa, nenda na mtu wa sauti wakati wa mapumziko. Simama mita moja kutoka kwenye maiki yake, yeye akiwa na hedifoni. Bonyeza nusu, piga, zungusha pete ya zumu, washa na uzime. Kila anachokisikia akitaje, na mlio wa lenzi usiuchanganye na wa bodi: toa lenzi moja, weka nyingine, rudia.