Wamemchubua mtoto wetu kwenye pano la mabati, wakasahau mkono

Ndugu zangu, hasira hii nimekaa nayo siku nne na imekataa kushuka. Acheni niimwage hapa.

Mtoto wa mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ana miaka 24, anafanya kazi Katuba, na mageti mengi ya avenyu anayokaa yametoka mikononi mwake. Miezi miwili iliyopita watu wa kampuni moja ya mabati walimfuata karakana. Wakasema wanatafuta mwanamke fundi, wa Lubumbashi hapa hapa, wamweke kwenye pano, lile bango kubwa la matangazo la barabarani. Tulifurahi jamani! Mama yake alipika bukari, ugali wetu, na samaki siku ile kama mtoto amefaulu mtihani wa serikali. Walimpiga picha asubuhi nzima: aproni ya ngozi kifuani, kofia ya kuchomelea ameiinua juu ya kichwa, koleo la elektrodi mkononi, cheche zinaruka. Mwishoni mpiga picha akamwambia, vua aproni kidogo, geuka, unitazame juu ya bega, moja tu ya kujaribu. Akalipwa dola 50, akasaini karatasi, akarudi kazini.

Iliyotundikwa ni hiyo moja ya kujaribu.

Nimekwenda kusimama chini yake, barabara ya Kasenga. Bega liko nje, mdomo umeachwa nusu wazi, kiuno kimebanwa mpaka unajiuliza chakula kinapita wapi. Mabati yenyewe yako pembeni chini, madogo kama biskuti. Ngozi ya mtoto yule ni nyeusi ya baba yake, nyeusi ya kung'aa; wameichubua kwa kompyuta mpaka imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Chini ya kiwiko cha kulia ana kovu la cheche, umbo la punje ya haragwe, alilipata mwaka wake wa kwanza wa kazi na analionyesha kwa fahari. Wamelifuta. Halafu katika haraka yao wakasahau vidole. Vidole vinavyoshika koleo ni vyeusi vile vile vilivyo, na kwenye kifundo cha mkono kuna mstari kabisa, kama mkono wa mtu umeshonewa mwili wa mtu mwingine. Mtoto alitazama kwa muda mrefu, akaniambia: "Mama mukubwa, mukono ni yangu. Sura haiko yangu."

Mimi nafundisha kuchora. Pozi lile nilishalijua kabla sijafika karibu, kwa sababu nalionyesha darasani kila mwaka. Ingres, mchoraji Mfaransa, 1814: mwanamke uchi amelala katupa mgongo, anatutazama juu ya bega. Iko Louvre, Paris. Mgongo ule ni mrefu kupita wa binadamu. Wakosoaji wa zama zake walisema kamwongezea pingili tatu za uti. Na Ingres hakuwa mtu wa kukosea vipimo, mstari wake ni wa kuogopwa. Aliurefusha kwa kuwa jicho la anayetazama lilitaka uendelee, basi mifupa ya mwanamke ikapisha. Kwa hiyo asije mtu kuniambia ni kompyuta za siku hizi. Kompyuta imepunguza muda tu.

Rudi nyuma zaidi, Tiziano wa Venezia, 1538. Mwanamke amejinyoosha kitandani bila nguo, macho kwetu. Kule nyuma ya chumba, wadogo kabisa, wako wajakazi wawili kwenye sanduku la nguo. Mmoja amepiga magoti anapekua. Kila nikiitazama nawaza kuhusu hao wawili: wanaofanya kazi wamesukumwa mwisho wa chumba, aliyelala ndiye amejaza turubai. Sasa tazama pano letu: fundi amevuliwa kazi yake ili apate kusogezwa mbele.

Wakatoliki mliomo humu mnakijua kisa cha Suzana, Danieli sura ya 13. Wazee wawili, waamuzi wa watu, wanamvizia anapooga, wanamtishia, anakataa, wanamsingizia. Wachoraji wa Ulaya walikipenda mno kisa hiki, kwani kiliwapa ruhusa ya kuchora uchi huku wameshika Biblia. Tintoretto, mchoraji wa Venezia, alimpa Suzana kioo. Amekaa anajitazama, anang'aa, na wazee wanachungulia kwenye ua. Ukimtazama unaanza kuona kama yeye ndiye aliyewaita. Kisha mwaka 1610 msichana wa miaka 17 Roma, Artemisia Gentileschi, akachora kisa hicho hicho. Suzana wake hana kioo. Amejikunja kwenye jiwe, mikono imeinuka kusukuma, uso ameugeuzia mbali, na wale wanaume wamemlalia kwa juu wananong'onezana. Nikiwaonyesha wanafunzi picha hizo mbili darasa linanyamaza, wavulana nao pia. Hakuna haja ya kueleza sana.

Na suala la rangi. Manet, Mfaransa mwingine, alichora mwaka 1863 mwanamke mweupe uchi kitandani, na nyuma yake mwanamke mweusi amemletea maua. Huyo mweusi alikuwa mtu, aliitwa Laure, na ni machache tu juu yake yaliyobaki. Kwa miaka mingi waliandika vitabu juu ya yule wa kitandani, na Laure akapita kama pazia, yupo ili weupe wa mwenzake uonekane zaidi. Mimi ninayeishi mji ambao wasichana wanajipaka krimu ya hidrokwinoni, dawa ya kujichubua, mpaka vifundo vya vidole vinakataa kuchubuka na kubaki vyeusi, nauona mkono wa mtoto wetu pale juu na moyo unaniuma. Kompyuta imemchubua kwa makosa yale yale ya krimu.

Wala tusijifanye wasafi. Mamba Muntu wa wachoraji wetu, yule nguva nusu mwanamke nusu samaki, aliyetundikwa sebuleni kwa wazazi wetu miaka ya 70, alikuwa mweupe, nywele ndefu mpaka kiunoni, saa mkononi, hana hata miguu ya kuondokea. Yeye humpa mwanamume utajiri, mwanamume akitunza siri. Lakini katika picha nyingine za wakati ule ule, zile za Koloni ya Wabelgiji, kwa mkono wa mtu kama Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa kwetu Katanga, mwanamke ana kitenge, analia mumewe anapigwa fimbo. Yaani tulijua kumchora mwanamke mwenye maisha. Pesa ilipoingia kwenye picha ndipo tulipomkata miguu.

Najua mtakachoniambia: alikubali, alisaini, alilipwa. Alikubali kupigwa picha ya fundi! Na ridhaa ya mwanamke haibadilishi jicho linalotazama. Ile ya Ingres yenyewe iliagizwa na mwanamke, Caroline Murat, malkia wa Napoli, dada yake Napoleon. Mgongo haukurudi kipimo chake kwa ajili hiyo.

Tulikwenda ofisini kwao Jumanne. Kijana wa tai akatukalisha dakika 40, akasema, "Mama, hiyo ndiyo inauza." Inauza kwa nani? Hapa Lubumbashi nawajua wamama wengi wanaojinyima, wananunua bati moja moja, wanayapanga chini ya kitanda mpaka nyumba ya kwenye lupango, kiwanja chao, ipate paa. Wauza mboga, wauza makaa, walimu tusiolipwa. Hao ndio wateja wako, na umewawekea bega. Ungewawekea fundi mwenye kovu wangemjua mara moja, wangesema huyu ni wetu.

Mtoto hataki kupita tena barabara ile, anazungukia mbali na mashine yake mgongoni mwa pikipiki. Vijana wa karakana wameanza kumwita "Mabati" na kumpigia mluzi, watu aliokuwa anawafundisha kushona chuma mwezi uliopita. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Mwenye kujua jinsi ya kudai picha ishushwe wakati karatasi imesainiwa, aandike hapa. Mwanasheria akiwepo, nashukuru zaidi. Kesho saa mbili asubuhi tunarudi ofisini kwao, mimi, mama yake na yeye, na safari hii anakuja amevaa aproni.