Naomba ushauri: alaina za usiku tu au za kutwa nzima?
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa mliowahi kuvaa alaina, zile plastiki angavu za kunyoosha meno. Meno yangu ya mbele juu yamepishana kidogo tu na nimeambiwa naweza kuchagua, kuna za kuvaa masaa 20 hadi 22 kwa siku unavua wakati wa kula na kupiga mswaki basi, na kuna za usiku kama masaa 10 mfululizo ila matibabu yanachukua muda mrefu zaidi. Sasa mimi kazi yangu ni kuongea na watu kutwa nzima na vinywaji vya moto siachi (ukinywa ukiwa umezivaa zinaweza kupinda) kwahiyo moyo unavutwa na za usiku. Kinachonitisha, jino linasogea kwa kusukumwa muda mrefu, sasa ukivua mchana kutwa si linaanza kurudi halafu kila usiku maumivu upya?? Mliotumia za usiku meno yalinyooka kweli au mliishia kuhamia za kutwa? Na nyie wa kutwa, kuongea mlizoea haraka? Ritena (kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikokuwa) najua lazima baadae kwa vyovyote vile, hapo sina shida.