Wazee wa kanisa Moshi na Arusha, toeni meza za biashara madhabahuni!

Wakuu, haya mambo yamenifika shingoni na sitamung'unya maneno. Makanisa yanageuzwa magenge huku sisi tunaitikia "Amina".

Sizungumzii sadaka. Wala mnada wa baada ya ibada siugusi: mkungu wa ndizi, jogoo au trei ya mayai inanadiwa nje mbele ya watu wote, wanunuzi wenyewe wanapandisha bei, mzee wa kanisa anaandika kila shilingi. Mkungu ule ulishatolewa kwa Mungu kabla ya kunadiwa.

Ninachopinga ni uponyaji kupangiwa bei. Chukueni mafuta ya upako. Lita moja ukiipima kwenye vichupa vya mililita 50 unapata vichupa 20. Kila kimoja elfu tano, hiyo ni laki. Ni mafuta yaleyale ya dukani, kilichoongezwa ni stika yenye picha ya mtumishi! Kuna maji, chumvi, vitambaa, na kibaya kuliko vyote, namba ya kumuona mchungaji: mwenye elfu hamsini anaingia leo, bibi mwenye elfu mbili ya nauli anaambiwa arudi wiki ijayo.

Watetezi wanasema wanawarahisishia waumini. Wafanyabiashara wa hekalu la Yerusalemu nao walikuwa na sababu hiyohiyo! Aliyetoka mbali alihitaji mnyama asiye na kilema, na kodi ya hekalu ililipwa kwa fedha ya mji wa Tiro, ndiyo maana wavunja fedha wakajaa uani. Huduma ilihitajika kweli, na bado Yesu alipindua meza. Tena njiwa waliouzwa pale, someni Walawi 12:8, ni sadaka ya mama asiye na uwezo wa kununua mwana-kondoo. Anayekamuliwa siku zote ni maskini.

Moshi ndiyo kabisa hatuna kisingizio. Tarehe 1 Februari 2020, pale Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiwahi kupita juu ya mafuta ya upako yaliyomwagwa chini. Ukimfundisha mtu kwamba baraka imo ndani ya kitu, akiona kinakwisha atasukuma.

Wazee, meza zote zitoke nje ya geti, za kalenda na vitabu vya nyimbo zikiwemo. Sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio ndugu, wasaini, jumla isomwe Jumapili inayofuata. Lipa namba iliyobandikwa ukutani iwe ya kanisa. Waumini, kabla ya kuweka namba ya siri someni jina linalotokea. Likiwa la mtu binafsi, katisheni muamala na mumfuate mtunza hazina hapohapo, msingoje kikao. Na maombi ya mgonjwa yasiwe na foleni ya kulipia, hata ya shilingi mia.

Anayepinga aje na andiko linalompa mchungaji ruhusa ya kupanga bei.