Wakuu, naombeni ushauri: namtafuta baba yangu Urusi, ukoo wake ni Kuznetsov. Nianzie wapi?

Mwana_Pangani:
Wakuu, habari za usiku. Naandika roho haijatulia, mnivumilie nikirukaruka.

Nimezaliwa Tanga mwaka 1988. Mama yangu ni mmoja wa waliopelekwa kusoma Umoja wa Kisovyeti, yeye alikuwa Voronezh, na alirudi na mimba yangu. Rangi yangu inajieleza, sina haja ya kuwasimulia nilivyoitwa shuleni. Baba simjui. Nilichonacho ni picha moja: mama amesimama nje ya bweni kwenye theluji, kavaa koti linalomzidi mabega, pembeni yake kuna kijana wa Kirusi bila kofia. Nyuma ya picha kuna maandishi ya kalamu yenye jina la N. Kuznetsov.

Nimepekua mtandaoni nikakuta ukoo huu una watu wazito. Kuna Admirali Nikolai Kuznetsov, aliyeongoza jeshi la majini la Sovyeti wakati wa vita ya Hitler, hadi manowari ya kubeba ndege imepewa jina lake. Kuna Nikolai Kuznetsov jasusi. Kuna Nikolai Kuznetsov mbunifu wa injini za ndege. Wote ni N.! Swali langu: hawa ni ukoo mmoja? Nikiwaandikia ndugu wa Admirali, wanaweza kunielekeza kwa watu wangu? Ushauri tafadhali, matusi hapana.

Dogo_Mtundu:
Nimevuta kiti, wajuzi waje. Mkuu, ukirithi manowari tuilete Kigamboni, tukaange chipsi pale juu.

MamaTumaini:
Mwanangu, pole. Ila niseme kama mzazi: aliyekulea ndiye mzazi wako. Mimi nimelea wawili peke yangu, baba yao yuko Mwanza na namba yake wanayo, na hajawahi kuuliza hata siku moja wamekula nini. Mkubwa alipofika kidato cha nne alimfuata. Alirudi baada ya siku mbili, hakuongea wiki nzima. Unaweza kumtafuta mtu ukamkuta, halafu ukatamani usingemkuta. Mshukuru mama yako, mjengee nyumba.

Mzee_wa_Lumumba:
Kijana, nilisoma Moscow, Chuo cha Urafiki wa Mataifa, kile cha Lumumba. Nakujibu ulichouliza.

Hapana, si ukoo mmoja. Kuznets kwa Kirusi ni mhunzi, na kila kijiji cha huko kilikuwa na mhunzi wake. Watu walipoanza kuandikishwa, watoto wa mhunzi wa kijiji hiki wakawa Kuznetsov, na wa kijiji kile nao wakawa Kuznetsov, bila tone la damu kati yao. Pamoja na Ivanov, Smirnov na Popov, hilo ni kati ya majina yaliyojaa kuliko yote. Kumtafuta Kuznetsov Urusi ni kama kusimama katikati ya Kariakoo ukaita "Juma!"

Hao watatu uliowataja, tazama wanavyotofautishwa. Admirali ni Nikolai Gerasimovich, alizaliwa 1904 upande wa Arkhangelsk, kaskazini kabisa. Jasusi ni Nikolai Ivanovich, mtu wa Ural, alizaliwa 1911. Wa injini ni Nikolai Dmitriyevich, naye wa 1911, kazaliwa Aktyubinsk ambayo leo iko Kazakhstan. Jina la katikati ni la baba yake mtu. Mrusi bila jina la baba yake hajakamilika kwenye karatasi yoyote. Kwa hiyo na mimi nakuuliza: baba yake huyo kijana anaitwa nani?

Fundi_Injini:
Huyo wa injini msimpite hivi hivi. Ukiona ndege ya Kirusi ina injini iliyoandikwa NK, hizo ni herufi za jina lake. NK-12 ndiyo inayozungusha mapanga ya ndege ya kivita Tu-95 hadi leo. NK-33 ilitengenezwa Kuybyshev, siku hizi Samara, kwa ajili ya roketi ya kwenda mwezini. Mpango wa mwezi ukafa, injini zikafichwa ghalani miaka na miaka, mwishowe Wamarekani wakazinunua. Waliziweka kwenye roketi ya Antares, ikaruka 2013. Mwaka 2014 moja ililipuka sekunde chache baada ya kuruka, wakaachana nazo. Kuznetsov mwenyewe alishafariki 1995, hakuiona Antares ikiruka. Nikifikiria injini ya mtu inakaa ghalani miaka yote hiyo kisha inawashwa na kuwaka, nasisimka.

Raketi_Kubwa:
Mmemsahau Svetlana Kuznetsova, mcheza tenisi! US Open 2004 akiwa na miaka 19, akamfunga Dementieva fainali. French Open 2009 akamfunga Safina. Mama yake bingwa wa dunia wa baiskeli, na kaka yake naye alichukua medali ya fedha ya baiskeli Olimpiki ya Atlanta 1996. Kaka anaitwa nani? Nikolai Kuznetsov! Mkuu, N. wako wa nne huyo.

Mwana_Pangani:
Mzee wangu, shikamoo. Nashukuru kwa somo. Jina la baba yake sina. Ila kuna kitu kimenigusa: Admirali alinyang'anywa cheo akiwa hai, akarudishiwa 1988 wakati keshafariki. 1988 ndio mwaka niliozaliwa. Sisemi ni baba yangu, ila roho inaniambia kuna kitu. Naomba mnisaidie namna ya kuandika hiyo barua.

Mzee_wa_Lumumba:
Marahaba. Admirali alifariki 1974. Jasusi alikufa 1944. Huyo wa baiskeli mwaka 1988 alikuwa mtoto wa shule. Acha watu maarufu, turudi kwenye picha yako. Umesema kuna "maandishi yenye jina". Andika hapa herufi zote zilizoko nyuma, kama zilivyo. Na la pili: mama yuko hai?

Mwana_Pangani:
Nimeshasema ni N. Kuznetsov. Maneno mengine ni ya kawaida tu.

Chumvi_ya_Bahari:
Umeulizwa maswali mawili, umejibu nusu ya moja.

Dogo_Mtundu:
Nakazia.

MamaTumaini:
Mwanangu, mama yupo?

Mwana_Pangani:
Yupo. Yuko Pangani, mzima wa afya, anafuga kuku. Hataki kuongelea. Nilimuuliza nikiwa darasa la sita akanyamaza, nikamuuliza nilipooa akatoka nje. Picha niliikuta kwenye Biblia yake mwaka jana, nikaipiga kwa simu nikairudisha. Hajui kama nimeiona. Msinilaumu. Mtu mzima nina haki ya kujua.

Na kwa kuwa mnataka yote: nimeshampa mwanasheria hela ya kuandaa hati ya kubadili jina. Mimi na mwanangu tuwe Kuznetsov. Hiyo haijadiliwi, nimeshaamua. Mwanangu anaanza shule Januari, nataka aandikishwe na jina la damu yake.

MamaTumaini:
Yaani mama anafuga kuku hapo Pangani, na wewe unawaandikia ndugu wa Admirali? Mwanangu!

Chumvi_ya_Bahari:
Na jina la babu mzaa mama, aliyekutunza wewe na mama yako wakati watu wanawacheka, unalitupa wapi? Kwetu jina la babu halifutwi kwa risiti ya mwanasheria.

Mwana_Pangani:
Babu yangu nampenda na kaburi lake nalijengea. Ila ninyi mmeamka na majina yenu, hamjui kuamka bila lako.

Mzee_wa_Lumumba:
Kijana, sikulaumu. Herufi tafadhali.

Mwana_Pangani:
Sawa. Nilimpa mtu anayesoma Kirusi, akaniandikia hivi: "Na pamyat ot N. Kuznetsovoy. Voronezh, 1987." Akasema maana yake ni ukumbusho kutoka kwa N. Kuznetsov. Mmeridhika?

Kijiti_Kikavu:
Chai. Chai ya rangi kabisa. Naomba niseme wanachoogopa wengine. Mama anarudi kutoka Urusi na mimba, anazaa chotara, mji mdogo kama ule, miaka yote hiyo hakuna shangazi aliyeropoka? Picha ndani ya Biblia? Na jina, kati ya majina yote, ni lile lile la manowari iliyovuma kwenye habari? Mtoa mada kakaa na simu, kasoma habari ya Admirali, katunga. Kesho atasema tiketi ya ndege ni pungufu, tumchangie.

Dogo_Mtundu:
Eeh, Biblia nayo niliona imekaa kisinema.

Fundi_Injini:
Hata mimi nilijiuliza. Mtu mwenye jambo zito hivi anaanza na Admirali?

Chumvi_ya_Bahari:
Wa kwetu mmoja alirudi kutoka Odessa na mtoto, na hakuna aliyeropoka. Watu wa pwani wanajua kunyamaza kuliko mnavyodhani. Niliyekua naye nyumba moja nilijua siri yake siku ya msiba wake.

Mwana_Pangani:
Sijaomba senti ya mtu. Anayeona ni chai apite.

Mzee_wa_Lumumba:
Kijiti, ngoja. Mimi sasa ndiyo naamini, na nitakwambia kwa nini.

Mtu anayetunga angeandika Kuznetsov, kama anavyosoma kwenye habari. Asingeandika Kuznetsovoy. Ukoo wa Kirusi unabadilika mkia: mwanaume ni Kuznetsov, dada yake ni Kuznetsova. Ndiyo maana Svetlana ana "a" na kaka yake Nikolai hana. Halafu ukisema "kutoka kwa", mkia unabadilika tena. Zawadi ikitoka kwa mwanaume utaandika "ot Kuznetsova". Ikitoka kwa mwanamke utaandika "ot Kuznetsovoy". Hilo Mrusi hakosei hata akiwa amelewa.

Kijana, aliyempa mama yako picha hiyo ni mwanamke.

Dogo_Mtundu:
Eee!

Raketi_Kubwa:
Nimeweka simu chini nikaichukua tena.

Mwana_Pangani:
Haiwezekani. Yule mtafsiri hakunambia hivyo. Labda alikosea herufi. Labda aliyeandika alikuwa na haraka.

Mzee_wa_Lumumba:
Mtafsiri alikupa maana, mkia akauacha. Iangalie picha mwenyewe. Mwishoni mwa jina kuna herufi kama "o" ikifuatiwa na kitu kama "u" chenye kiupinde kidogo juu?

Mwana_Pangani:
Kipo.

Mzee_wa_Lumumba:
Basi ni mwanamke. Mabweni yetu mgeni aliwekwa chumba kimoja na wenyeji ili ashike lugha haraka, na kupeana picha zenye maandishi nyuma ilikuwa kawaida kabisa. Ninazo mpaka leo. Kwa hiyo mwanaume aliye pichani anaweza kuwa yeyote. Anaweza kuwa kaka wa huyo dada, mchumba wake, au mpita njia. Hati ya mwanasheria ikitoka, mwanao ataitwa kwa jina la rafiki wa bibi yake. Na kumbuka hata Nikolai yule jasusi alizaliwa Nikanor, akabadili akiwa kijana. Jina linabadilishwa wakati wowote, Januari si mwisho wa dunia.

Usimuulize mama "baba yangu ni nani". Hilo ameshalikimbia mara mbili. Muulize "Kuznetsova alikuwa nani?" Halafu kaa kimya.

Kijiti_Kikavu:
Mzee, nakuheshimu, ila mimi nasubiri mwisho wa hii filamu.

MamaTumaini:
Nenda mwanangu. Mbebee na sukari.

Mwana_Pangani:
Wakuu, nimerudi. Sikuandika wikendi yote kwa sababu nilikuwa Pangani.

Nilimkuta anachambua mchicha. Nikamuuliza kama Mzee alivyosema. Aliacha mchicha, akanitazama, akasema, "Umefungua Biblia yangu." Nikasema ndiyo. Nilidhani atatoka nje kama siku ile. Hakutoka. Akasema Kuznetsova alikuwa mwenzake wa chumba, ndiye aliyemwazima lile koti, ndiye aliyempeleka hospitali alipojigundua. Kijana wa pichani ni mdogo wake huyo Kuznetsova, alikuja na kamera ya kuazima, mama hakumwona tena.

Nikanyamaza. Mama naye akanyamaza, akaendelea na mchicha. Baadaye, bila kuulizwa, akanitajia mtu. Kanipa jina la kwanza na jina la baba yake, yale mawili tu. Nikamuuliza ukoo, akasema hakuwahi kumwita kwa ukoo. Jina lenyewe siliweki hapa. Mwanasheria nimemwambia asubiri.

Mzee, nilianza na ukoo bila jina la baba. Sasa nina jina la baba bila ukoo. Nafanyaje?

Kijiti_Kikavu:
Mkuu, kwa hili la koti, naondoa neno langu.

Mzee_wa_Lumumba:
Kijana, samahani kwa nitakalosema hapa mbele za watu. Sisi wanafunzi tuliitana kwa majina ya utani, Kolya, Vitya, Sasha. Jina la kwanza pamoja na la baba, bila ukoo, tulimwita nalo mtu mmoja tu: mwalimu.

Mwana_Pangani:
Ndiyo, Mzee. Nilipotoka pale nilihisi hivyo, nikashindwa kuandika.

Mzee_wa_Lumumba:
Basi usihangaike na orodha za wanafunzi. Mama alianza mwaka gani, na mwaka ule wa kwanza wa lugha aliusomea Voronezh hapo hapo? Chuo kina kumbukumbu za walimu wake kwa kila kitivo, na walimu ni wachache kuliko wanafunzi. Jina la kwanza, la baba, na mwaka, vinatosha kuandika barua ya heshima kwa watu wa kumbukumbu. Niandikie pembeni, nitaiweka kwa Kirusi.