Nimealikwa kupiga piano kwenye dansi ya kontra, huyu mwitaji na bendi wanaelewanaje?

Kinanda_wa_Moro

Wadau habari zenu. Niko huku New Hampshire mwaka wa tatu sasa, kanisani nimepiga kinanda tangu niko kidato cha pili Morogoro. Kazini kuna mama mmoja anacheza kontra, akanivuta niende naye. Kwa ambao hamjawahi kuona, watu wanajipanga mistari miwili mirefu ukumbi mzima wanatazamana, kuna fidla, piano, filimbi, pengine kodiani, halafu jukwaani kuna mtu na maiki anaita hatua, ndiye mwitaji, shika mkono jirani, zunguka na mwenzio, pita ng'ambo. Nilitoka pale shati limelowa na moyo mweupe kabisa.

Sasa wana bendi ya wazi, yeyote mwenye chombo anakaa nyuma anapiga. Mwezi uliopita mpiga piano alichelewa wakaniambia kaa. Wimbo mwepesi tu, kodi za D, G, A basi, yaani noti chache zinazopigwa pamoja. Ila mnajua kanisani, ukiona watu wamepandwa unarudia kiitikio, unaongeza, unamwangalia kiongozi mpaka ashushe mkono. Nikafanya vile vile, kile kipande cha mwisho nikakirudia mara ya tatu kwa nguvu, mwenye fidla akanifuata, ghafla ukumbini watu wanapotezana, mstari umevunjika, bibi mmoja mtu mzima akanyoosha mkono hakuna wa kuushika akayumba. Hakuanguka namshukuru Mungu, lakini sikulala vizuri siku ile.

Wameniomba nirudi Jumamosi. Nataka nirudi nikiwa najua. Nani anaongoza pale, mwitaji au bendi? Na nitajuaje tunaisha lini?

DadaWaGreenfield

Pole kaka, mie nacheza huku Massachusetts mwaka wa nane na kilichotokea kinaeleweka kabisa. Kontra imejengwa juu ya mapigo 64. Wimbo una sehemu A mapigo 16 unaipiga mara mbili, halafu B mapigo 16 mara mbili, jumla 64, na hatua za dansi nazo ni 64 hizo hizo. Zikiisha kila jozi imesogea nafasi moja na imekutana na jirani mpya, mnaanza upya. Kwa hiyo wewe ulipoongeza B moja miguu ya watu ilikuwa tayari imeshaanza raundi nyingine na masikio yao bado yako raundi ya nyuma. Sisi wachezaji hatuhesabu kaka, tunasikia. Sehemu B ikiingia mwili unajua wenyewe kwamba sasa ni wakati wa kumgeukia mwenzangu.

Mwitaji kwanza anatutembeza bila muziki hatua kwa hatua. Kisha anaiambia bendi anataka muziki wa namna gani, rili (kila pigo linagawanyika mbili mbili) au jigi (tatu tatu), wa kuteleza au wa kukanyaga, na hapo fidla inapiga utangulizi mfupi wa mapigo manne, wanauita viazi, ndiyo viazi vya kula, ukisikia anaomba viazi vinne ujue ndiyo mwendo wenyewe huo. Raundi za kwanza anaita kila kitu na anatangulia kidogo, neno linaisha hatua ndiyo inaanza, akichelewa nusu pigo tu tumeumia. Halafu anapunguza maneno. Mwisho ananyamaza kabisa tumebaki sisi na muziki, na hapo ndipo utamu ulipo, mie nikiwa pale katikati na maneno yameisha ni fidla tu inanisukuma natamani isifike mwisho.

Kuhusu kuisha ni vidole. Mwitaji atawageukia aonyeshe vitatu, maana yake raundi tatu tena. Kwa hiyo macho yako yasikae kwenye kinanda.

fidla_kwanza

Naongezea kama mpigaji maana dada kaeleza upande wa wachezaji. Wewe kwenye piano kazi yako siyo melodi, hiyo tuachie sisi. Mkono wa kushoto besi kwenye pigo, mkono wa kulia kodi inajibu, bum-chak bum-chak, mwendo mapigo kama 110 mpaka 120 kwa dakika na usikimbie hata ukumbi ukipiga kelele. Fanya hesabu, kwenye 115 raundi moja ni kama sekunde 33, dansi moja inaweza kwenda raundi 15 au zaidi, hiyo ni dakika nane mkono haupumziki. Tunachofanya kuwapa watu nguvu mpya ni kubadilisha wimbo katikati, unatoka kii ya D unarukia A bila kusimama, utasikia ukumbi mzima unapiga yowe. Ile njaa yako ya kuongeza kiitikio ipeleke huko, furaha iongeze ndani ya zile 64, siyo nje yake.

Ila sikubali kwamba mwitaji ndiye bosi moja kwa moja. Mwitaji mzuri anasikiliza bendi, akiona tumeanza wimbo wenye mdundo mzito mwanzo wa B anajua dansi yenye balansi pale, yaani ile hatua ya kuyumba kuelekea mwenzio na kurudi, itakaa vizuri. Na mwitaji asiyesikia muziki hata ajue dansi 500 watu wanachoka tu.

DadaWaGreenfield

Bosi ni sakafu jamani, yaani wanaocheza. Mwitaji na bendi wote wanaitazama hiyo hiyo.

BabuNyeri_Keene

Kijana, mimi nimekaa upande huu wa Keene, hapa New Hampshire, miaka mingi, nikizeeka pole pole. Nikiona ile kodiani nakumbuka mwomboko, dansi ya Wakikuyu kwetu, kodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa, jozi jozi, na huko pia ukikosa mwendo umemkosea mwenzako. Kwa hivyo usijione mgeni sana kwa hii kitu.

Ujue umeingia nyumba ya nani. Hapa ni kwao Ralph Page, mwitaji aliyefariki 1985, aliyeshikilia hizi dansi wakati watu wengi wameziacha, na tangu 1949 alikuwa akitoa gazeti lake mwenyewe, Northern Junket, dansi, nyimbo na hata mapishi. Kwa bendi yake aliingia Bob McQuillen na kodiani miaka ya 1940, baadaye akahamia piano, na ile bum-chak unayoambiwa hapo juu wengi huku wameijifunza kwa kumsikiliza yeye. Alitunga nyimbo zaidi ya 1,000, nyingi akizipa majina ya marafiki na majirani. Halafu kuna Dudley Laufman wa Canterbury, fidla na kuita, miaka ya 60 na 70 vijana walimfuata kwa wingi, na bendi yake ilikuwa wazi, ukija na chombo unakaa. Hicho kiti walichokupa kimetoka huko. McQuillen alipewa heshima ya taifa la Marekani ya sanaa za jadi 2002, Laufman 2009.

Jambo moja uangalie sana. Si zote ni 64. Dansi ya Money Musk vile inachezwa New England, majimbo haya ya kaskazini mashariki, ni mapigo 48, na ukiingia na mazoea utavunja mistari tena. Na wimbo wa Chorus Jig licha ya jina ni rili. Uliza kabla ya viazi.

Kasai_Manchester

Samahani niingilie, miye sijui kucheza hata kidogo na sina mwenza, naweza kuja tu?

DadaWaGreenfield

Njoo ndugu. Kila dansi unabadilisha mwenza, yeyote anaomba yeyote, na kumbi nyingi siku hizi hawaiti tena wanaume na wanawake, wanaita laki na robini, majina ya ndege, unachagua upande wako. Vaa viatu laini visivyokwaruza sakafu. Fika mapema, kabla ya kuanza kuna somo la wageni.

Kinanda_wa_Moro

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimerudi jana. Nilimfuata mwitaji kabla hatujaanza nikamwomba anionyeshe kadi yake ya dansi, ile anayoandikia hatua, akafurahi, akaniwekea kidole mahali balansi zilipo. Nimepiga sita, zote 64, sikuongeza kitu. Vidole vitatu niliviona vizuri, nikamgusa mwenye fidla bega kwa sababu yeye alikuwa amefumba macho.

Yule bibi alikuwepo. Mwisho kabla ya walzi, dansi ya polepole ya wawili wawili, alikuja mpaka kwenye piano, akauliza Jumamosi ijayo nipo.

BabuNyeri_Keene

Marahaba. Na walzi mlipiga ya nani?

Kinanda_wa_Moro

Ya McQuillen, mzee.