Kondomu ikipasuka, saa 72 zitumikeje?

MwelimishaRika:
Habari wakuu. Naomba tuliweke hili sawa, maana vijana wanauliza kila mara na majibu yanapishana. Kondomu imepasuka katikati ya tendo, na hali ya VVU ya mwenza haijulikani. Kifanyike nini papo hapo, na nini baada ya hapo? Wengine wanashauriwa wajioshe ndani kwa ndimu.

NesiWaZamu:
Ndimu hapana, kabisa. Ngozi ya ndani ya uke ni laini. Asidi na sabuni huichubua, na palipochubuka virusi hupita kirahisi. Acheni tendo, mwanaume atoke huku ameishika kondomu kwenye shina la uume, kisha kila mmoja aoshe sehemu za nje tu kwa maji. Kukojoa si kinga: mkojo una njia yake, hausafishi uke. Itazameni kondomu yenyewe. Kama kuna kipande kimekosekana, mwanamke anawe mikono, achuchumae, akitoe taratibu kwa vidole viwili. Kikishindikana aende kituo cha afya, kisilale humo.

Halafu PEP, yaani dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari, bila kungoja asubuhi. Saa 72 ni ukomo, si ratiba! Virusi huanza kwenye seli chache za pale vilipoingilia kabla ya kusambaa mwilini, kwa hiyo dozi ya saa ya 3 ina nguvu kuliko ya saa ya 70. Nenda hospitali yenye CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), useme wazi: "Kondomu imepasuka, naomba PEP." Utapimwa VVU kwanza, kwani aliyekwisha kuambukizwa anahitaji matibabu ya kudumu. Dawa inayotumika sana siku hizi ni TLD: tenofovir, lamivudini na dolutegravir ndani ya kidonge kimoja. Kidonge 1 kwa siku, siku 28.

Mfamasia_Pwani:
Naongezea upande wa dawa. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi huishika dolutegravir tumboni isiingie kwenye damu. Meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu aseme mapema, ataongezewa dolutegravir 50 mg saa 12 baada ya TLD. Na jamani, msiache siku ya 10 kwa sababu hofu imeisha. Kichefuchefu kikisumbua, meza na chakula.

P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ni jambo jingine, haizuii VVU wala kisonono. Levonorgestrel 1.5 mg kwa mkupuo: kama vidonge ni vya 0.75 mg, meza vyote 2 pamoja, mapema ndani ya saa 72. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita, rudia. Anayetumia ARV zenye efavirenz, au rifampisini, amwambie mhudumu, kwa kuwa hizo hupunguza nguvu ya P2. Kitanzi cha shaba kinazuia mimba vizuri zaidi, kikiwekwa ndani ya siku 5.

MwelimishaRika:
Asante sana. Na kama mwenza anatumia ARV? Vipimo vya baadaye je?

NesiWaZamu:
Kama anameza ARV vizuri na kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha havionekani, haambukizi VVU kwa ngono. Kama hana uhakika na majibu yake, anza PEP, uliza baadaye. Mwenza akipimwa hana VVU, mhudumu ataamua kama isimamishwe. Rudi upime wiki ya 4 hadi 6, kisha wiki ya 12, na hadi hapo tumieni kondomu. Omba pia kipimo cha kaswende na homa ya ini B, na chanjo ya homa ya ini kama hujachanjwa. Usijinunulie antibayotiki dukani.

Mfamasia_Pwani:
Jingine la kuwafundisha: kwa nini ilipasuka. Mara nyingi ni mafuta. Vaseline, mafuta ya nazi na losheni hulegeza mpira ndani ya dakika chache. Tumieni kilainishi cha maji. Kabla ya kufungua, bonyeza pakiti kwa vidole: ikiwa na hewa ndani utaihisi kama kijimto. Ikiwa bapa, imetoboka, tupa. Usifungue kwa meno. Wakati wa kuvaa, minya chuchu ya kondomu hewa itoke, maana hewa ikibaki hapo shahawa hukosa nafasi na mpira hupasuka nchani. Na usivae mbili, zinasuguana.